Gari Lina Pakingi, Mtoto Hana Pa Kucheza

Kibao kilicho kwenye geti letu kimeandikwa kwa rangi nyekundu, herufi kubwa: HAKUNA KUCHEZA MPIRA. HAKUNA KUKIMBIA. HAKUNA KELELE. FAINI SH 500. Mgeni akikisoma haraka anaweza kudhani amefika mochari. Lakini ni ploti ya kawaida tu, gorofa sita, upande wa Thika Road, na ndani yake wanaishi watoto ambao nimejaribu kuwahesabu mara mbili nikashindwa kwa sababu hawaonekani. Unawasikia tu. Ukipanda ngazi saa kumi na moja jioni, kila mlango unaopita una katuni yake.

Acha niseme ukweli kabla jirani asome hii anichome: hicho kibao mimi pia nilikipigia kura.

Ilikuwa hivi. Mpira ulivunja kioo cha pembeni cha gari la jirani wa nyumba ya chini. Kufikia saa mbili usiku, grupu ya WhatsApp ya ploti ilikuwa inawaka moto. Mmoja akasema watoto wa hapa hawana adabu. Mwingine akasema wasio na adabu ni wazazi. Mwenyekiti wa kamati akaandika aya tatu kuhusu thamani ya mali na amani ya wakaaji, kisha akaomba wanaokubaliana naye waweke kidole gumba. Nilikuwa kwenye mat, nimesimama, nimechoka, na gari langu la mkopo lilikuwa kwa fundi likinila pesa. Nikafikiria kioo changu. Nikaweka kidole gumba. Sekunde mbili. Wiki iliyofuata kibao kikapanda.

Binti ya dada yangu ana miaka tisa na anaishi nami tangu Januari. Siku ile kibao kilipotundikwa alikisoma polepole, mstari kwa mstari, vile wanavyofundishwa shuleni. Halafu akaniuliza, “Anti, na nyinyi mlikuwa mnachezea wapi?”

Swali dogo, lakini limenikosesha usingizi.

Sisi tulichezea Buruburu. Mtaa ule ulijengwa kwa awamu kuanzia miaka ya 1970, na waliouchora walikuwa na wazo moja zuri: nyumba zilipangwa kwa korti, milango ikitazamana, na katikati pakaachwa nafasi ya kila mtu. Hiyo nafasi ndiyo ilikuwa dunia yetu. Hapo ndipo kulikuwa na brikicho usiku stima zikipotea, tapo asubuhi ya Jumamosi, bano kwenye vumbi kando ya ukuta, kalongo nyuma ya nyumba ya mzee mmoja aliyekuwa na miti ya mapera. Mchanga ndio unga, majani ndiyo sukuma, mkebe wa Kimbo ndio sufuria. Na jioni, kati.

Kama umelelewa kwingine, kati ni hivi. Wawili wanasimama mwisho huku na huku, wana mpira. Wengine wako katikati. Wale wawili wanarusha, nyinyi mnakwepa. Ukiguswa umetoka. Kwa korti yetu ukiudaka mpira unapata laifu moja, na laifu hiyo unaweza kumfufua nayo mwenzako aliyekufa. Watanzania wana mchezo wa aina hiyo, wanauita rede. Mpira wetu ulikuwa wa majuala, yaani mifuko ya plastiki iliyokunjwa na kufungwa kamba mpaka ikawa ngumu. Majuala yalipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017 na mimi naiunga mkono marufuku ile kabisa, mito yetu ilikuwa imekabwa koo. Naeleza tu kwamba siku hiyo, pamoja na takataka, kiwanda kikubwa zaidi cha mipira nchini kilifungwa na hakuna mtu aliyetoa risala ya rambirambi.

Sasa, najua unapoelekea kunipeleka. Utasema huyu naye ameanza zile hadithi za “sisi tulilelewa poa.” Zile meme za picha ya tairi kuukuu na maneno “kama unaikumbuka hii, ulikuwa na utoto mzuri.” Sizipendi hata mimi. Kwanza zinaficha mengi. Kulikuwa na uonevu kwenye ile korti. Kulikuwa na kijana mmoja mnene ambaye kila siku aliwekwa goli, hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Kulikuwa na msichana aliyevunjika mkono akakaa siku mbili bila kusema kwa kuogopa kupigwa. Sitaki kurudi kule. Ninachotaka ni kuuliza ile nafasi ya katikati ilienda wapi, na nani aliichukua.

Kwa sababu jibu ambalo sote tunalo mdomoni ni simu. Watoto wa siku hizi ni simu tu. Tableti tu. Hawataki kutoka nje. Tunasema hivyo kwenye harusi, kwenye vyama, kanisani na kwa saluni, na tukishasema tunatikisa kichwa kwa huzuni kama watu waliofiwa, halafu tunarudi nyumbani tunafunga geti.

Huo ni uongo, na ushahidi ninao. Machi 2020 shule zilifungwa kwa sababu ya Korona. Wakati huo nilikuwa nimepanga keja Umoja, gorofa ya pili, dirisha likitazama barabara ya mtaa. Kafyu ilipoanza mwishoni mwa mwezi, magari yakapungua ile barabara mpaka ukawa unasikia ndege. Haikupita muda watoto wakaishuka. Wazazi walikuwa na hofu, mwanzoni waliwarudisha ndani, lakini utamfungia mtoto miezi mingapi? Nilisimama kwenye lile dirisha nikaona kati ikirudi. Blada pia, kamba ya mpira wa tairi ikipanda kutoka kifundoni hadi gotini, hadi kiunoni, hadi shingoni. Hakuna aliyewafundisha. Mkubwa mmoja alikuwa anajua, basi. Na simu zilikuwepo! Tena zilikuwa nyingi kuliko kawaida, masomo yenyewe yalikuwa kwa simu. Watoto walizitupa kitandani wakatoka. Walihitaji vitu viwili tu, muda na nafasi, na ilibidi ugonjwa uzunguke dunia nzima ndipo mtoto wa Nairobi avipate vyote kwa mpigo.

Januari 2021 shule zikafunguliwa, magari yakarudi, ikaisha.

Kwa hivyo tuache kuwasingizia watoto. Sisi ndio tuliochukua nafasi. Wengine waliichukua kwa hati feki. Ripoti ya Tume ya Ndung'u, iliyotolewa mwaka wa 2004, ilieleza jinsi ardhi ya umma ilivyogawanywa kinyume cha sheria: viwanja vya michezo, bustani, mashamba ya shule, hata makaburi. Kila mtaa wa Eastlands una kipande ambacho watu wazima wanakionyesha kwa kidole wakikwambia, pale palikuwa uwanja. Leo ni gorofa, au ni kanisa, au ni karakana.

Halafu kuna ile siku ambayo hakuna Mkenya wa rika letu anafaa kuisahau. Tarehe 19 Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road walirudi shuleni wakakuta uwanja wao umezungushiwa ukuta. Wakaandamana pamoja na wanaharakati, wakiwa na yunifomu zao, wakausukuma ukuta ukaanguka. Polisi wakawarushia vitoa machozi. Watoto wa shule ya msingi. Picha zilienda dunia nzima, watu wakatuma tena na tena #OccupyPlayground, afisa aliyeongoza operesheni akasimamishwa kazi, uwanja ukarudi mikononi mwa shule. Mimi pia nilituma. Nilikasirika kutoka moyoni.

Lakini angalia tofauti. Lang'ata Road, mnyang'anyi alijenga ukuta, kila mtu akauona, tukajua wa kumchukia. Kwa ploti yetu hakuna ukuta. Kuna kabro safi, mistari myeupe, na nambari. Mnyang'anyi ni mimi wa nyumba ya nne, ni yule jirani wa kioo, ni mwenyekiti na aya zake. Silaha yetu ni kidole gumba. Hata gesi hatukuhitaji.

Hebu tupige hesabu. Nafasi ya gari moja ni kama mita 2.5 kwa 5. Hiyo ni mita 12.5 za mraba. Ploti yetu ina nafasi 30 zenye nambari, kwa hivyo tumeyapa magari mita 375 za mraba, bila kuhesabu njia ya kupitia. Hapo kati ingechezwa vizuri, na kando blada, na kwenye kona wadogo wangepika kalongo bila kusumbua mtu. Watoto tumewapa ngapi? Sufuri. Si kidogo. Si haitoshi. Sufuri kamili. Gari langu hukaa mahali pake mchana kutwa Jumapili likilala, na sheria za ploti zinalilinda lisiamshwe.

Na unapotafuta nyumba, si unajijua? Unauliza maji huja siku ngapi kwa wiki. Unauliza kama tokeni ni zako binafsi. Unauliza pakingi. Mimi nilipoonyeshwa nyumba hii niliuliza hata kama kuna intaneti ya faiba. Watoto wanachezea wapi, hilo sikuliuliza, na yule ajenti angenishangaa. Anayejenga anajenga tunachouliza.

Kenya iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990, na kifungu cha 31 kinasema mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Haki, sawa na shule, sawa na matibabu. Shirika la Afya Duniani nalo linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku. Soma tena kibao chetu ukiwa na hayo akilini. Kamati ya watu saba, na chai ya maziwa mezani, imefuta mkataba wa kimataifa. Kwa faini.

Kuna jambo moja silipuuzi nalo ni hofu. Nina mtoto wa mwenyewe mikononi, wa dada yangu, na nikimpoteza siendi nyumbani Krismasi, siendi tena milele. Bodaboda zinapita mbio. Kuna watu wabaya, na kila mzazi ana kisa alichosikia ambacho hawezi kukirudia mbele ya watoto. Sitamwambia mzazi yeyote kwamba hofu yake ni ya kijinga. Lakini tazama tulichofanya na hiyo hofu. Tulikubali kulipa soja wawili, kamera nane na waya wa umeme juu ya ukuta ili ndani pawe salama. Ndani pakawa salama. Kisha, pale pale ndani, tukawakataza watoto wasicheze. Kumbe usalama ulikuwa wa nani?

Na zamani nani alikuwa analinda? Macho. Mama mboga pale kona alijua kila mtoto ni wa nani. Mzee wa mapera alikuwa na rungu na domo. Tulijua tukienda mbali na korti, habari ingefika nyumbani kabla yetu. Watoto walipotoweka nje, macho nayo yakatoweka, kwa sababu mtu haangalii mahali pasipo na kitu. Sasa barabara ni tupu kwa hivyo inatisha, na kwa kuwa inatisha tunaiacha iwe tupu.

Wasichana ndio wa kwanza kupoteza. Hili halisemwi, na ndilo linalonichoma zaidi. Nafasi ikipungua, kinachobaki kinakuwa cha futa. Futa ina goli, ina ligi, ina akademia za wikendi, ina baba anayeota mtoto akienda Uingereza. Mtu atapigania uwanja wa futa kwa sababu futa ina faida. Kati haina faida. Blada haina skauti. Hakuna msichana aliyewahi kupata udhamini wa masomo kwa kuruka blada ya shingo, ingawa nakuhakikishia kuruka ile kunahitaji mwili wa mwanasarakasi. Kwa hivyo kipande cha mwisho kilichobaki mtaani wanakuwepo wavulana 22, na wasichana wamesimama kando wameshikilia masweta. Ikifika miaka kumi hata kando hawasimami. Wameitwa ndani kuosha vyombo.

Na siongei tu kuhusu mazoezi ya mwili. Kamati yetu ya ploti ina katiba ya kurasa 11 na haijawahi kumaliza mkutano bila watu kutukanana. Sisi tulikuwa watoto wapatao 16, wa miaka minne hadi kumi na mitatu, hatuna mwenyekiti, hatuna karatasi, na kila jioni tuligawana timu, tukatunga sheria, tukazivunja, tukashtakiana, tukahukumu, mchezo ukaendelea. Yule wa miaka minne tulimwita “maziwa lala”: anacheza lakini hatoki hata akiguswa, asije akalia. Nani alitunga hiyo? Si mzazi, si mwalimu. Ni watoto walioona kwamba mdogo akilia mama yake atatoka, na mama yake akitoka mchezo umekufa. Ukitaka kujua siasa inaanzia wapi, inaanzia hapo. Leo mtoto wa jirani ana miaka minane na kila mchezo alioucheza maishani mwake ulikuwa na mtu mzima mwenye filimbi.

Au mwenye mashine ya kulipia. Mwezi uliopita nilimpeleka binti yetu kwenye mall moja, kuna ukumbi wa kurukaruka. Shilingi 500 kwa nusu saa. Na lazima ununue soksi zao zenye mpira chini, 150, zako za nyumbani hazikubaliwi. Alifurahi, sitadanganya. Aliruka peke yake katikati ya watoto wengine 20 ambao pia walikuwa wanaruka peke yao. Hakuna aliyejua jina la mwenzake. Nusu saa ikaisha, kengele ikalia, wakatoka wakavaa viatu. Nikiwa kwenye foleni ya kulipia pakingi (tena pakingi!) ndipo iliponijia: 500 ni ile ile. Akicheza nyumbani natozwa 500, akicheza mall natozwa 500.

Wale ambao hawana 500, mnawajua wako wapi. Ukipita Pipeline jioni au Mathare au Kayole kule ndani, utawaona watoto katikati ya barabara, wanakimbia kati ya bodaboda na maji machafu, wanacheza kati vizuri kuliko tulivyowahi kucheza. Na sisi wa magetini tukiwa ndani ya gari tunawapigia honi. Tukifika nyumbani tunawaambia wetu, usiwe kama wale watoto wa nje. Mtoto wa nje limekuwa tusi.

Sasa nikuambie nilichofanya, si kwa kujisifu, maana nimechelewa.

Nafasi nambari 14 ni yangu. Nailipia 1,500 kila mwezi na risiti ninazo. Jumamosi iliyopita saa tisa nililitoa gari nikaliacha kituo cha petroli cha pale kona, nikampa kijana wa pale kitu kidogo alitazame. Nikarudi na chaki. Nikachora mistari ndani ya ile mita 2.5 kwa 5, nikatoa mpira wa soksi kuukuu nilioshona usiku, nikamwambia binti yetu aende agonge milango. Walikuja saba. Wawili sikuwa nimewahi kuwaona, na wanaishi gorofa ya juu yangu.

Hawakujua kucheza. Ilibidi nikae mwisho mmoja, mwenye mwili huu, na magoti haya. Nafasi ilikuwa ndogo mno, mpira ukawa unatoka kila dakika unaingia chini ya gari la nambari 15. Soja alikuja akasimama, akaangalia kibao, akaniangalia mimi, akasema, “Madam, hiyo ni mpira.” Nikamwambia ni soksi. Akafikiria. Akarudi getini.

Saa moja usiku ujumbe wa mwenyekiti ulikuwa umefika kwa grupu, na jina langu, na faini: watoto 7 mara 500, shilingi 3,500. Vidole gumba vinne. Nilivihesabu. Mara ya kwanza vilikuwa 23. Sijalipa. Nimemjibu kwamba aniletee kifungu cha mkataba wa upangaji kinachosema nafasi nambari 14 ni ya gari pekee, kwa sababu wangu nimeusoma wote na umeandikwa “kwa matumizi ya mpangaji.” Bado hajajibu. Mama wa gorofa ya tano ameniandikia inboksi, ameuliza kama Jumamosi hii kuna mchezo, na kama nambari 13 ikiwa wazi itasaidia.

Ila jioni ile, kabla ya ujumbe, kulikuwa na vita. Mpira ulipita karibu na binti yetu ukagusa sketi. Kijana wa gorofa ya juu akapiga kelele, umetoka! Akakataa, nguo si mwili. Mwingine akasema nguo ni mwili. Wakanigeukia wote saba, wakitaka mtu mzima aamue. Nikawaambia mimi sijui, kwetu hiyo kesi haikuisha. Nikaenda nikakaa kwenye ngazi, wakaanza kubishana.